Mgeni Aliyenyimwa Jembe



Kila siasa inapochacha, lalamiko ni lile lile: Wahindi wamejitenga. Wanakaa Parklands na Ngara, wanaoana wao kwa wao, wanasali peke yao. Tumelisikia sokoni na, kwa aibu yetu, hata mlangoni pa kanisa. Hatukani kwamba utengano upo. Tunauliza: ni nani aliyeujenga, na ni nani anayefaidika nao?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa. Wapatao 2,500 walifia kazini. Wengi walirejea kwao. Waliobaki, pamoja na wenzao wafanyabiashara, walinyimwa jembe. Mwaka 1908 waziri wa makoloni wa Uingereza, Lord Elgin, aliafiki kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi ya nyanda za juu. Mlango wa shamba ulipofungwa, ukabaki mlango wa duka. Mjini Nairobi watu wakapangwa kama magunia ghalani: Mzungu vilimani, Mhindi katikati, Mwafrika Eastlands na kipande shingoni. Shule, hospitali, hata vyoo vikatengwa kwa rangi. Je, hiyo ilikuwa mila ya Kihindi? La hasha! Ilikuwa amri ya mkoloni.

Wapo walioikataa amri hiyo. Makhan Singh alidai uhuru hadharani mwaka 1950, akazuiliwa miaka kumi na mmoja. Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, alipigwa risasi mwaka 1965, tena katika Kenya huru.

Ukuta ule tuliurithi, hatukuubomoa. Sheria za mwaka 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia, na mwaka uliofuata maelfu wakaondoka. Katika jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, maduka yao yaliporwa na wanawake wao wakabakwa. Aliyetendewa hayo akiongeza komeo mlangoni, tusijifanye kushangaa.

Hatusemi kwamba wao hawana lawama. Yupo mwajiri amwitaye mzee wa miaka sitini "boi". Wapo matajiri wanaonunua ulinzi wa wakubwa badala ya kudai haki pamoja nasi. Dharau hiyo ni dhambi, nasi twaitaja kwa jina lake. Lakini anayevuna zaidi ni mwanasiasa apokeaye bahasha usiku na kuwashutumu "Wahindi" mchana. Katika kashfa ya Goldenberg, hazina ya umma haikufunguliwa na muuza duka wa Ngara. Ilifunguliwa na wenye funguo serikalini.

Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Jina pekee si jembe. Twadai sheria za kazi zimlinde kila kibarua, awe wa mwajiri wa rangi yoyote. Twadai mchochezi ashtakiwe, hata akiwa wa upande wetu. Nalo kanisa lihubirilo kwamba Kristo alibomoa ukuta wa utengano lianze kwa kubisha hodi kwa jirani.

Kitukuu wa mjenzi wa reli si mgeni tena. Siku ya tatu ilipita zamani. Apewe jembe, alime pamoja nasi, na akilegea tumkaripie kama tunavyomkaripia ndugu.