MWEKEZAJI WA KWANZA NI MKAZI



Miaka michache iliyopita niliombwa kutoa sala ya ufunguzi katika kongamano la wawekezaji, katika hoteli mojawapo kubwa ya hapa Dar es Salaam. Sala yenyewe ilichukua dakika mbili. Muda uliobaki nilikaa nikisoma kijitabu cha rangi walichogawiwa wageni, ambacho karatasi yake ilikuwa nzito kuliko ya Misale yetu ya altareni. Humo niliona bahari isiyo na mvuvi, barabara isiyo na mchuuzi, na uwanda mpana ulioandikiwa kwamba ni ardhi iliyo tayari. Uwanda ule naujua. Nimezika watu wawili pale. Na katika ukurasa wa kuzitaja sifa za jiji, baada ya bandari na kabla ya hali ya hewa, tulitajwa na sisi: nguvu kazi nyingi na nafuu.

Nafuu! Tumezoea kulisikia neno hili sokoni likisemwa juu ya nyanya zilizoanza kulainika. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kiwanda na wa biashara. Atoe humo kodi ya chumba, nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, unga, mkaa na daftari za watoto, kisha atuambie nafuu hiyo ni ya nani. Jiji linalojitangaza kwa umaskini wa watu wake limejiwekea sababu ya kutotaka umaskini huo upungue.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba padre ameingia katika siasa, au kwamba anapinga maendeleo. Sipingi. Wazee wenzenu wanaikumbuka vema miaka ya mwanzoni mwa 1980, foleni za sukari na sabuni, na maduka yenye rafu tupu. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka turudi huko. Aidha, sensa ya mwaka 2012 ilikuta jijini watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikakuta watu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi katika muda wa miaka kumi hawawezi kuajiriwa wote na serikali, wala kijana wa Mbagala aliyemaliza kidato cha nne hawezi kula mahubiri yangu. Mitaji inatakiwa, na mingine haina budi kutoka nje.

Ninalopinga ni mgawanyo wa dhamana. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 1997, ambayo ndiyo iliyounda Kituo cha Uwekezaji Tanzania, ilimhakikishia mwekezaji kwamba mali yake haitachukuliwa pasipo fidia ya haki, ya kutosha na ya haraka. Na kwamba ukizuka mgogoro, aweza kuupeleka mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Ni jambo jema. Mtu aliyeiweka mali yake mahali anastahili kulala usingizi. Basi naomba kuuliza: mkazi wa Kigamboni naye hakuweka mali yake?

Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba Kigamboni pangejengwa mji mpya. Ikachorwa michoro ya kuvutia ya minara ya vioo na bustani, michoro ya kuonyeshwa wenye mitaji. Wakati huohuo wakazi walizuiwa kuendeleza maeneo yao. Mwenye nyumba iliyofika kwenye lenta hakutakiwa kupaua. Mwenye wajukuu walioongezeka hakutakiwa kuongeza chumba. Zuio lililosemwa kuwa ni la muda likavuka muda wake. Eneo la mpango likapanuliwa, kisha likapunguzwa. Wakala ukaundwa wa kuusimamia, kisha nao ukavunjwa. Minara haikujengwa. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, wakazi walipata njia ya kuvukia, na kituo cha kulipia.

Katika habari hii yote yuko mwekezaji mmoja ambaye hakuna kongamano lililowahi kumtaja. Ni yule aliyenunua kiwanja kwa fedha za nazi au za samaki, akafyatua tofali hamsini mwezi huu na thelathini mwezi ujao, akachimba kisima kwa mchango wa ndugu, akapanda miembe ambayo leo ina kivuli. Hakuomba msamaha wa kodi. Hakuomba abebewe umeme hadi mlangoni. Hana akaunti ya nje ambako angeihamishia faida yake, kwa kuwa faida yenyewe ni paa. Huyu alisimamishwa kwa miaka, bati zikashika kutu zikiwa zimeegemezwa ukutani, na saruji ikapanda bei. Je, hasara yake ilipelekwa kwa msuluhishi gani?

Linganisheni na habari ya maji. Mwaka 2003, ikiwa ni sharti la mikopo ya kufufua miundombinu, huduma ya maji ya jiji ilikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani na mbia wa hapa nchini. Kabla ya hapo tuliandaliwa vizuri: fedha za misaada ya Uingereza zililipia hata wimbo wa kuusifu ubinafsishaji, ukapigwa kwenye redio na televisheni. (Nikiri kwamba ulikuwa na mahadhi mazuri.) Mei 2005, kabla miaka miwili haijatimia, serikali iliuvunja mkataba ule, ikisema kampuni imeshindwa kazi. Biwater Gauff wakaenda Washington, kwenye kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya kundi la Benki ya Dunia. Julai 2008 wasuluhishi wakaamua: Tanzania ilikiuka baadhi ya haki za kampuni, lakini haitalipa fidia, maana hasara ya kampuni haikusababishwa na makosa hayo.

Wengi tulishangilia kwamba hatukulipa. Mimi nawaomba mtazame jambo jingine. Mwenye mtaji alisikilizwa. Alipewa miaka mitatu, mawakili, mashahidi, na hukumu ya mamia ya kurasa inayopima kila alichodai. Mashirika ya kiraia, likiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalipoomba kushiriki kwa niaba ya watumiaji wa maji, yaliruhusiwa kuandika hoja zao, lakini hayakuruhusiwa kuona nyaraka za kesi wala kuingia katika vikao. Na mama wa Manzese aliyenunua maji kwa ndoo kabla ya kampuni, wakati wa kampuni na baada ya kampuni, huyo hakuitwa na mtu.

Mnaikumbuka habari ya shamba la mizabibu la Naboti katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Aghalabu twaisimulia haraka mno, tukikimbilia mauaji. Rudini mwanzo wake. Mfalme Ahabu alikuja na pendekezo la kistaarabu kabisa: shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu kwa thamani yake. Kwa vipimo vya siku hizi Ahabu alikuwa mnunuzi mwema kuliko wengi niliowaona. Naboti akakataa, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa urithi wa baba zake. Uovu ulianza hapo, pale kukataa kwa mtu mdogo kulipogeuzwa kuwa kosa dhidi ya Mungu na mfalme, wakaandikwa barua na kutafutwa mashahidi. Leo hatumpigi mawe anayekataa. Twamwita mpinga maendeleo, na inatosha.

Upande wa kodi nitasema kidogo. Sheria za maeneo maalumu ya uzalishaji kwa ajili ya mauzo ya nje, ambazo zilianza mwaka 2002, zilimpa mwenye kiwanda msamaha wa kodi ya mapato wa miaka kumi, na kwa miaka hiyohiyo zikamwondolea tozo za serikali za mitaa. Desemba 2018 machinga wa jiji hilohilo aliambiwa alipie kitambulisho shilingi 20,000 kwa mwaka ili asibughudhiwe. Akalipa. Oktoba 2021 akaondolewa barabarani na kitambulisho chake mfukoni. Barabara zilikuwa zimesongwa, sikatai, na watembea kwa miguu walikuwa wanapita katikati ya magari. Lakini aliyelipa ndiye aliyehamishwa, na aliyesamehewa ndiye aliyewekewa uzio na lami.

Tena mwaka 2025, mwishoni mwa Julai, ilitolewa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, baada ya manung'uniko mengi ya Kariakoo. Siku chache baadaye kikafunguliwa Ubungo, palipokuwa stendi ya mabasi, kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000 kilichojengwa kwa mtaji wa Wachina. Wafanyabiashara wetu wameduwaa: mgeni anakatazwa au anakaribishwa? Jibu ninaloliona ni kwamba mgeni mwenye kibanda anakatazwa na mgeni mwenye jengo anakaribishwa. Hapa nawaonya wale wanaotaka kuigeuza hasira hii iwe chuki dhidi ya Mchina au Mhindi anayeuza bidhaa zake kwa jasho lake. Yeye naye ni mtu mwenye watoto, na si yeye aliyeandika mikataba.

Juu ya bandari, Baraza la Maaskofu lilisema lililosema katika tamko lake la tarehe 18 Agosti 2023, nami sina haja ya kulirudia. Wako kati yenu waliolipokea kwa furaha na wako waliokasirika, hata michango ikapungua katika jumuiya mbili. Sawa. Lakini sote tulijua cha kubishania, kwa sababu makubaliano yale kati ya Tanzania na Dubai yalipaswa kupitishwa na Bunge, na yakapitishwa tarehe 10 Juni 2023. Ibara zake zilisomwa vijiweni na kwenye saluni. Ni jambo ambalo sikutarajia kuliona katika maisha yangu ya upadre. Mikataba mingi inayogusa viwanja, masoko na fukwe za jiji hili haipiti Bungeni, na hatuna mazoea ya kuiomba.

Basi viongozi wa walei, msiache mikutano ya mitaa iwe ya wenyeviti na mabalozi peke yao. Ukitangazwa mradi mtaani kwenu, ulizeni jina la mwekezaji, ukubwa wa eneo, muda wa mkataba, na kitakachotokea asipojenga. Swali hili la mwisho lingewaokoa watu wengi wa Kigamboni. Anayefika na kamba ya kupimia aonyeshe barua.

Mjue pia sheria inayowalinda, ingawa haipambwi kwa karatasi nzito. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema thamani iliyokadiriwa hudumu miaka miwili tu tangu ilipoidhinishwa. Ikipita bila malipo, tathmini ifanyike upya kwa bei ya wakati huo. Malipo yakicheleweshwa kupita miezi sita, yanadaiwa na riba. Wengi wamepokea fidia ya bei ya zamani kwa kutolijua hilo, wakashukuru.

Kwa hiyo msitie sahihi fomu ya uthamini ambayo hamkuisoma, na msiondoke bila nakala. Hesabuni miembe, kisima, choo, na makaburi. Tume ya parokia itakaa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya Misa ya asubuhi, na yuko mwanasheria muumini mwenzetu aliyekubali kuzisoma fomu bila malipo. Asiyeweza kutembea tutamfuata nyumbani. Anayeogopa nakala yake isipotee kwa mvua au kwa moto ailete. Kabati la ofisi ya parokia lina kufuli, na bado lina nafasi.