Zimeni Spika, Watoto Wanasoma

Imani hii imeenea mpaka hakuna anayeihoji: mtoto akiwekewa muziki laini wakati wa kusoma, akili hutulia na masomo huingia. Wazazi wanatumiana kwenye makundi ya WhatsApp piano iliyochanganywa na sauti ya mvua, saa nane mfululizo. Shule za kulipia zinautaja muziki huo mbele ya wageni kama vile zinavyotaja basi la shule. Mwalimu wa darasa la awali anahimizwa atafute spika hata kabla ya chati ya herufi. Naipinga imani hiyo, na naipinga kwa uchungu, kwa sababu wanaoumia ni watoto ambao tayari wanasoma kwa shida.

Chanzo chake kinajulikana. Oktoba 1993 jarida la Nature lilichapa taarifa fupi ya Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Wanafunzi 36 wa chuo walisikilizishwa sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakapewa maswali ya maumbo, kama lile la kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Walifanya vizuri kuliko baada ya kukaa kimya au kusikiliza kanda ya kupumzika, na faida yenyewe haikuvuka robo saa. Humo hamkuwa na mtoto hata mmoja, wala aliyesoma ukurasa wa kitabu. Tena muziki ulikuwa umeshazimwa maswali yalipoanza! Sielewi tumetokaje hapo hadi kwenye spika inayolia darasani tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho.

Lakini uvumi ulishapata miguu. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa namna hiyo. Mwaka uliofuata, huko Kanada, Kristin Nantais na Glenn Schellenberg walirudia jaribio la Rauscher, ila safari hii wengine walisikiliza hadithi ya Stephen King badala ya muziki. Waliopenda hadithi zaidi walifanya vizuri baada ya hadithi. Kumbe kilichosaidia ni uchangamfu wa kusikia kitu unachokipenda kabla ya kazi, na chai ya asubuhi yenye kitafunwa ingeweza kufanya vivyo hivyo. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna walikusanya tafiti karibu 40 za jambo hili, wakakuta kwamba nguvu ya pekee ya Mozart haipo.

Tuje sasa kwenye kusoma kwenyewe. Anayesoma kimya kwa kawaida husikia maneno kichwani. Sauti hiyo ya ndani ndiyo inayoushika mwanzo wa sentensi mpaka mwisho wake ufike, na ndiyo inayoshika tarakimu wakati mtoto anabeba moja kwenye hesabu. Sauti ya nje, hasa ya mtu anayeimba au kuongea, inaingia njia hiyohiyo na kugombania nafasi. Pierre Salamé na Alan Baddeley walilionyesha hilo katika miaka ya 1980: wimbo wenye maneno uliharibu kumbukumbu ya tarakimu kuliko ala tupu. Wanaojitetea kwamba wimbo wa Kilingala hauwasumbui kwa kuwa hawaelewi kinachoimbwa, wajue kwamba tangu 1976 Herbert Colle na Alan Welsh waliwasikilizisha watu Kijerumani wasichokijua, na bado watu hao wakashindwa kukumbuka vizuri herufi walizoonyeshwa. Na kuupenda muziki si kinga. Nick Perham na Joanne Vizard, mwaka 2011, walikuta kwamba muziki unaopendwa na unaochukiwa, wote ulishindwa na ukimya katika kazi ya kukumbuka mambo kwa mpangilio.

Kaa karibu na mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye visikizi masikioni, uangalie kidole chake. Yuko kwenye usanisinuru, kwa Kiingereza, lugha ambayo mwaka jana ilikuwa somo tu na sasa imekuwa mlango wa masomo karibu yote. Kidole kinatembea hadi katikati ya mstari, kinasimama, kinarudi mwanzo. Midomo inatikisika, lakini inafuata kiitikio. Halafu wimbo unakatwa na tangazo la kubashiri mechi, naye anainua simu kulipitisha, na simu ikishainuliwa haishuki upesi. Atakuambia alisoma saa mbili. Alikaa saa mbili.

Darasani mambo ni mabaya zaidi, maana huko mtoto hana kitufe. Watoto wadogo hawana uwezo wa mtu mzima wa kuchambua sauti moja kati ya nyingi. Shirika la Afya Duniani limependekeza kelele za chinichini darasani zisizidi desibeli 35, kiwango ambacho darasa la watoto 80 chini ya bati tupu hukivuka hata siku ya jua, sembuse mvua ikinyesha. Ongeza piano humo, mwalimu apandishe sauti, na aliyeketi nyuma asikie silabi nusunusu. Hapo ndipo anapojifunza kunyamaza asiulize.

Wapo walioitibu kelele yenyewe. Jijini New York, shule ya msingi PS 98 ilikuwa kando ya reli ya juu. Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walionyesha mwaka 1975 kwamba watoto wa madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma kwa kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Wakubwa hawakuleta muziki wa kuifunika treni. Reli iliwekewa mipira, madarasa yakawekewa dari ya kunyonya sauti, na Bronzaft alipopima tena, matokeo aliyoyachapa mwaka 1981 yalionyesha kuwa pengo limefutika.

Sisemi watoto wasiimbe. Waimbe jedwali la kuzidisha, waimbe irabu, wapige makofi. Wimbo unaotoka kinywani mwa mtoto ni somo lenyewe. Na anayetaka kuchangamka kwa singeli kabla ya kufungua daftari, acheze hadi atoke jasho, kisha azime.

Kamati ya shule yenye fedha za spika inunue dari, ianze na darasa la kwanza. Na kama kelele zinatoka kwenye baa ng'ambo ya uzio, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo Tanzania tangu 2015, na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira kina mamlaka ya kuzisimamia. Wazazi waandike barua, waisaini wote, nakala iende serikali ya mtaa, na waifuatilie kila wiki mpaka ijibiwe.