Kemia ya Kasuku

Wako watu wasemao kwamba mwanafunzi wa Tanzania atakaye kuingia chuo kikuu hana njia ya kujizoeza Kemia ila moja, nayo ni kukusanya karatasi za mitihani ya Kidato cha Sita ya miaka iliyopita, kuzijibu, na kuzijibu tena hata majibu yamkae ulimini. Maneno haya hupokewa kama hekima. Kwa kweli ni uvivu uliovikwa joho la bidii.

Si kwamba mtihani huo ni jambo dogo. Atokaye Kidato cha Sita akitamani udaktari hudaiwa ufaulu wa Kemia pamoja na Fizikia na Baiolojia, na somo moja likimwangusha, mlango hufungwa. Kwa sababu hiyo hasa yafaa kuulizwa: mazoezi ya namna hii humzoeza mtu nini?

Itwaliwe dhana ya moli, ambayo ni nguzo ya hesabu za Kemia. Mwanafunzi akiulizwa moli ni nini, hujibu upesi kwa Kiingereza, na ile idadi ya 6.022 mara 10 kwa kipeo cha 23 haimponyoki. Kisha na aulizwe hili: gramu 4 za hidrojeni zahitaji gramu ngapi za oksijeni ili zote ziwe maji? Aliyekariri huutazama mlinganyo, akaona 2 kwa 1, akajibu gramu 2. Jibu ni gramu 32, na maji yapatikanayo ni gramu 36. Mtu huyu hakushindwa kugawanya. Alishindwa kujua kwamba ile 2 kwa 1 ni idadi ya molekuli, wala si uzito wake.

Na maana hiyo haikuwa ngeni katika lugha yake. Kiswahili kina neno korja, yaani vitu 20, ambalo wafanyabiashara wa nguo wamelitumia katika kuhesabu bidhaa zao. Korja ya kanga na korja ya mablanketi hazilingani katika mizani, lakini hesabu yake ni ile ile. Moli ni korja ya chembe. Iliyozidi ni idadi tu. Aliyeambiwa hivyo mara moja hatatafuta tena uzito mahali palipoandikwa idadi.

Msawazo wa mimenyuko nao huugua maradhi hayo hayo. Hukaririwa kama kwamba ni kusimama kwa kazi, ilhali katika chupa ya soda iliyofungwa kabonidioksidi hutoka majini na kurudi majini kwa kasi moja, na macho huona utulivu.

Wapinzani watasema kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza, basi kuelezana kwa Kiswahili ni kupoteza wakati. Hoja hii ina uzito. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, na sekondari ikabaki katika Kiingereza. Mtoto hakuuchagua mkato huo. Lakini lugha ya kujibia si lazima iwe ndiyo lugha ya kuelewea. Aliyeelewa hubakiwa na kazi ya kutafuta maneno. Asiyeelewa ana maneno tele na hana la kuyafanyia. Wala istilahi si udhuru: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na wanachuoni wa Kiswahili walioiacha rafuni hawamo nje ya lawama hii.

Mazoezi ya kweli huanza pale swali lililokwisha kujibiwa linapobadilishwa kitu kimoja. Hidrojeni na ibaki gramu 4, oksijeni iwe gramu 16. Kitabaki nini, na kwa nini? Zitabaki gramu 2 za hidrojeni, na maji yatakuwa gramu 18. Mwanafunzi na amweleze mwenzake sababu kwa Kiswahili, bila kalamu, mpaka mwenzake akose la kuuliza. Karatasi ya mwaka uliopita yaweza kungoja hadi jioni.