Nishati ya mimea na kuzika hewa ukaa: Kisarawe imetufundisha nini?

Katika mijadala ya mabadiliko ya tabianchi, kuna njia moja inayotajwa mara kwa mara: kukuza mimea, kuichoma ili kupata nishati, kisha kuinasa hewa ukaa kabla haijapaa na kuizika chini kabisa ya ardhi. Kwa kuwa mmea uliinyonya hewa hiyo ulipokuwa ukikua, inatarajiwa kwamba kiasi chake angani kitapungua. Je, sera za Tanzania zinaweza kubeba mradi wa aina hiyo? Tunaangalia yaliyotokea Kisarawe na Kibaha, mkoani Pwani.

Ardhi ikiondoka, hairudi

Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 wilayani Kisarawe kutoka vijiji 11, kwa hati ya miaka 99. Lengo lilikuwa kulima mibono, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta. Wanavijiji waliahidiwa ajira na huduma za jamii, yakiwemo maji. Mwaka 2011 mradi ulianguka, mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi, na shamba likauzwa kwa mwekezaji mwingine.

Tatizo kubwa lilikuwa la kisheria. Mgeni hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja; kwanza inahamishwa kuwa ardhi ya jumla. Mwekezaji akishindwa, ardhi hiyo hairudi yenyewe mikononi mwa kijiji. Nao mwongozo wa serikali kuhusu nishati mimea ya kimiminika ulitoka mwaka 2010, mashamba yakiwa yameshachukuliwa.

Majiko mengi, mabomba machache

Ugumu wa pili unaonekana Kibaha. Kuni na mkaa kutoka wilaya hizi mbili kwa miaka mingi vimelisha majiko ya Dar es Salaam, na misitu kama Ruvu Kusini na Kazimzumbwi imelipa gharama. Hiyo nayo ni nishati ya mimea, lakini moshi wake hutoka kwenye matanuri ya porini na maelfu ya majiko ya uani. Hewa ukaa hunaswa pale tu inapotoka kwa wingi kwenye bomba moja, kama la kiwanda.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Utafanikiwa tu ikiwa kuni na mkaa vitapungua. Kiwanda kipya kinachohitaji miti mingi kingevuta upande wa pili. Kwa maoni yetu, pa kuanzia ni penye mabaki tayari, kama viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC Moshi, vinavyochoma makapi ya miwa kuzalisha umeme.

Nani atalinda kisima?

Bado kuna suala la kuzika. Huko Decatur, jimbo la Illinois nchini Marekani, hewa ukaa ya kiwanda cha ethanoli ya mahindi husukumwa karibu kilomita mbili chini ya ardhi. Mwaka 2024 kazi hiyo ilisitishwa kwa muda baada ya kubainika uvujaji kwenye kisima cha uchunguzi. Hewa iliyozikwa inahitaji mlinzi kwa vizazi, wakati mwekezaji wa Kisarawe hakudumu hata miaka kumi.

Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Huo ni mwanzo mzuri wa kupima na kuuza. Lakini kabla ya hekta moja kutolewa, mkataba wowote unapaswa kueleza mambo mawili: ardhi itarudi kwa nani mradi ukifa, na nani atalipia ulinzi wa kisima mwenye mradi akishaondoka. Bila majibu hayo, faida itahesabiwa mbali na hasara itabaki kijijini.