Wataalamu wa Ubongo Wapewe Pa Kufanyia Kazi

Mjadala kuhusu elimu ya juu nchini huishia kwenye idadi ya wanaohitimu shahada ya uzamifu. Ni wachache wanaouliza mhitimu huelekea wapi baadaye. Katika sayansi ya ubongo na neva swali hili ni zito, kwani humo shahada hiyo ni mwanzo tu. Mtafiti huhitaji miaka kadhaa zaidi maabarani, akiwa chini ya mtaalamu aliyemtangulia, ndipo aweze kuongoza utafiti wake mwenyewe. Hata lugha yetu haijakipa kipindi hicho jina lililozoeleka, na si ajabu, maana nafasi zenyewe kwetu ni adimu kama wali wa daku.

Mhitimu akirejea chuoni hutwikwa madarasa na mitihani ya kusahihisha, maabara husubiri. Mwenzake huabiri ndege kwenda ng'ambo. Huko nako milango si wazi kama idhaniwavyo. Ruzuku iitwayo F32, ambayo Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani huwapa watafiti chipukizi, ni ya raia na wakazi wa kudumu pekee. Aghalabu mgeni huajiriwa kwa fedha za profesa, na anayelipa ndiye achaguaye swali la kutafitiwa.

Maswali yetu je? Uchunguzi uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya kuugua malaria ya ubongo, zaidi ya robo ya watoto waliochunguzwa walikuwa na upungufu wa kiakili. Kilifi nako, ambako KEMRI na Wellcome Trust wameendesha kituo cha utafiti tangu 1989, imebainika kuwa baadhi ya watoto walionusurika hubaki na kifafa au matatizo ya usemi. Hili la usemi linanigusa mimi mwanaisimu: vipimo vya kumchunguza mtoto azungumzaye Kigiriama havipatikani kwa kutafsiri tu maneno ya Kiingereza.

Kilifi ni ushahidi kwamba watafiti waweza kulelewa papa hapa. Hata hivyo, kazi ya namna hiyo hutegemea mno fedha za kigeni. Mwezi Mei 2025 taasisi hizo za Marekani zilisimamisha utaratibu wa kupitishia fedha za utafiti kwa washirika wa nchi za nje, na tukaona jinsi tegemeo hilo lilivyo hafifu.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliitengea Hazina ya Kitaifa ya Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi hicho hakijatimizwa. Sidai chote. Serikali ianze na nafasi 20 za miaka mitatu, zenye mshahara na zisizo na mzigo wa kufundisha, zigombewe kwa haki. Watakaosema kwamba wahadhiri wenyewe wana malimbikizo hawakosei, nami ni mhadhiri. Lakini deni hilo na hizi nafasi ni mafungu mawili tofauti ya bajeti. Na zisirundikwe Nairobi, ilhali malaria iko Kilifi na Kisumu.