Nyumba ya Mjane na Wauza Vizuka



Baba mmoja ametuandikia barua ndefu. Mwanawe wa kwanza anakaa Marekani siku hizi, katika jimbo la California, pamoja na mke na watoto. Kazini amepata marafiki, nao wana desturi ya ajabu. Siku za mapumziko hubeba vyombo vidogo vya kupimia umeme na joto, na vingine vya kunasa sauti, wakaenda kuvizia vizuka katika nyumba zisemwazo kuwa wafu hutembea ndani yake. Sasa wamemwalika kijana afuatane nao mpaka mji wa San Jose, kwenye nyumba kubwa ya mjane Winchester, ambako watu hulipa makumi ya dola ili watembezwe, na usiku fulani hutembezwa kwa taa za mkononi. Baba anauliza: je, mwanangu ataona kitu huko, au atapoteza fedha zake tu?

Wengine wangemjibu kwa neno moja, upuuzi, na kuifunga barua. Sisi hatukuweza. Juu ya wafu wenyewe wasomaji wetu wamekwisha kufundishwa, wala hatutaongeza neno hapa. Lakini swali la baba huyu lina pande mbili: upande wa fedha za kijana, na upande wa yule mjane mwenye nyumba. Huo wa pili ndio uliotufanya tushike kalamu.

Tuanze na hadithi jinsi inavyouzwa. Bibi Sarah Winchester alikuwa mke wa William Winchester, mwana wa mwenye kampuni ya bunduki zilizojulikana katika Marekani yote. Mwaka 1866 walipata mtoto wa kike, naye akafa baada ya majuma machache. Mwaka 1881 mume naye akafa. Basi, wasema, mjane akamwendea mpiga ramli mmoja wa mji wa Boston, mtu aliyejidai kuongea na wafu. Yule akamwambia: "Roho za wote waliouawa kwa bunduki za Winchester zinakufuata. Nenda magharibi ukajenge nyumba, wala usiache kujenga, usiku na mchana. Siku nyundo zitakaponyamaza, utakufa." Mjane akatii. Mwaka 1886 akanunua nyumba ndogo ya shambani, akajenga na kujenga mpaka ikawa na vyumba 160 hivi. Kuna ngazi ipandayo hadi darini na kuishia hapo. Kuna mlango wa ghorofani ambao ukiufungua, mbele yako ni hewa tupu. Yote hayo, wasema, aliyafanya ili kuvipoteza njia vizuka. Na leo, kila Ijumaa iangukiayo tarehe 13, kengele ya nyumba hupigwa mara 13 kwa ukumbusho wake.

Ni hadithi tamu, nani atakana? Lakini mwandishi wa historia aitwaye Mary Jo Ignoffo alichukua kazi ambayo wauza tiketi hawakuwa na haja nayo. Alisoma barua za mjane, akapekua hesabu na karatasi za wanasheria wake, na mwaka 2010 akatoa kitabu. Habari za yule mpiga ramli wa Boston hakuziona popote. Aliona mwanamke mwenye akili ya biashara, aliyejua kununua mashamba na kuyatunza, na aliyependa kuchora na kujenga mwenyewe. Katika barua zake mjane anaeleza kwamba mara nyingine alichoka na kelele za mafundi, akawaacha waende zao kwa miezi ili apumzike. Basi nyundo zilinyamaza, tena zaidi ya mara moja, wala mwenye nyumba hakufa.

Na zile ngazi? Kuna moja yenye vidato 44, inayogeuka mara kwa mara, na mwisho wake haikupandisha mtu hata mita 3. Kila kidato kina urefu wa sentimita 5 hivi. Watembezaji wamepata fedha nyingi kwa ngazi hiyo. Lakini ye yote aliyemtunza bibi mzee nyumbani angeitambua mara moja, asingehitaji kuambiwa na mtu. Mjane Winchester aliumwa baridi yabisi. Viungo vyake vilivimba, hakuweza kuinua mguu. Ngazi ile alijitengenezea kwa ajili ya magoti yake.

Milango ifungukayo hewani nayo ina habari yake. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko kubwa la nchi liliuvunja mji wa San Francisco na miji ya jirani. Nyumba ya mjane ilikuwa na mnara wa ghorofa saba. Mnara ukaanguka, na orofa za juu zikaharibika. Bibi, ambaye sasa alikuwa na miaka zaidi ya sitini, aliagiza vilivyovunjika viondolewe, wala hakuvijenga tena. Mlango ambao jana uliingia chumbani, leo ulitazama nje. Hapakuwa na kizuka aliyepotezwa njia, bali mwanamke mzee aliyekata shauri kwamba yatosha.

Jambo moja halitajwi sana katika matembezi ya usiku. Mjane huyo alitoa zaidi ya dola milioni moja ili ijengwe hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu karibu na New Haven, mji wake wa asili, kwa jina la mumewe. Kifua kikuu ndicho kilichomwua mumewe. Tukitaka kujua huzuni yake ilimwelekeza wapi, tuitazame hospitali hiyo kwanza.

Nani basi aliyeanzisha maneno? Magazeti ya mahali pale, toka miaka ya 1890, naye akiwa hai bado. Alikuwa tajiri, alikaa mbali na watu, hakupenda wageni, wala hakujibu aliposemwa. Hapa twaomba msiharakishe kuwacheka Wamarekani. Mjane mzee, mwenye mali kidogo, akaaye peke yake na asiyezungumza na jirani: sisi sote twajua yasemwayo juu ya mwanamke kama huyo katika vijiji vyetu, watoto wanapougua au mvua inapokawia. Wengine wamelipia maneno hayo kwa uhai wao. Fedha za Bibi Winchester zilimlinda asiguswe. Alisemwa tu, na anasemwa hata leo.

Alikufa tarehe 5 Septemba 1922. Vyombo vya nyumbani vikaondolewa, na nyumba yenyewe haikumvutia mnunuzi. Ndipo bwana mmoja, John Brown, na mkewe Mayme walipoipanga. Bwana Brown alikuwa mtu wa viwanja vya michezo, mahali watu wanapolipa ili watikiswe na kupiga makelele. Katika mwaka 1923, kabla mwenye nyumba hajatimiza mwaka kaburini, milango ilifunguliwa kwa walipao. Hata leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, walipao bado huingia. Hebu fikirini: mtu anayeishi kwa kuuza tiketi za nyumba ya vizuka ana sababu gani ya kukuambia kwamba ngazi ilikuwa ya magoti?

Sasa twarudi kwa kijana na rafiki zake wenye vyombo. Twataka kuwatendea haki. Kuna watafutaji wa vizuka walio watu wa bidii, wanaokesha usiku mzima na kuandika kila mlio na saa yake. Mtu kama huyo anahitaji kimya. Anahitaji kujua nani yumo nyumbani na nani hayumo. Zaidi ya yote anahitaji shahidi ambaye hajaambiwa bado atakachokiona. Nyumba ya biashara humnyima yote hayo. Kabla hujaingia chumbani mtembezaji amekwisha kusema: "Hapa wageni wengi husikia mkono begani." Nyuma yako kuna kundi la watu wanaokohoa na kucheka kwa woga. Ndani ya kuta mna nyaya za umeme, na kile chombo kidogo huwaka taa zake kwa furaha kila kikaribiapo waya. Katika nyumba nyingine za namna hiyo hufichwa vipaza sauti, na watu hupewa mshahara ili watokee gizani. Mwizi akiingia sokoni siku ya gulio, je, mbwa atamjua kwa harufu?

Wataalamu wamejaribu kuitafuta kweli katika mahali kama hapo, lakini kwa taratibu nyingine. Uingereza kuna jumba la wafalme liitwalo Hampton Court, ambapo wasema roho ya Malkia Catherine Howard, aliyekatwa kichwa mwaka 1542 kwa amri ya mumewe Mfalme Henry wa nane, hupita ikilia. Katika mji wa Edinburgh kuna vyumba vya mawe chini ya daraja la kale, navyo vina sifa mbaya vilevile. Profesa Richard Wiseman na wenzake walitembeza watu katika mahali hapo pawili, kila mmoja akiandika alipoona au kusikia jambo lisilo la kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kweli, watu waliandika mambo mengi zaidi katika pembe zile zile zenye sifa ya vizuka, hata wale ambao hawakuwa na habari ya sifa hizo. Hapa mtafuta vizuka angeruka kwa furaha. Lakini walipopima mahali penyewe waliona kwamba yaliyoandikwa yalifuatana na hali ya chumba: ukubwa wake, mwanga wake, na mengine ya namna hiyo. Chumba chenyewe humfanya mtu asisimke, na hadithi huja baadaye kukaa pale pale.

Kizuka tunachokipenda kuliko vyote hakikuuziwa mtu tiketi. Mhandisi mmoja Mwingereza, Vic Tandy, alikuwa akifanya kazi usiku peke yake katika karakana ya mji wa Coventry. Jasho baridi likamtoka, na pembeni mwa jicho lake akaona umbo la kijivu, alipogeuka, likatoweka. Kesho yake alileta upanga wa mchezo ili autengeneze, akaubana katika jiliwa. Upanga ukaanza kutetemeka wenyewe! Wengi wangekimbia. Yeye aliusogeza jiliwa huku na huku, akatafuta mahali ulipotetemeka zaidi, akapiga hesabu. Kumbe feni mpya ya kutoa hewa ilikuwa ikitoa mtikiso mzito mno, kama mara 19 kwa sekunde, ambao sikio halisikii lakini mwili waupata. Feni ilipotengenezwa, mambo yakaisha. Aliyaandika hayo mwaka 1998. Huo ndio uwindaji! Angeweza kuufanya katika nyumba ya maonyesho, yenye injini za kila namna nyuma ya kuta? Hatudhani.

Si kila auzaye hofu ni mwongo, lakini. Huko Philadelphia, Marekani, kuna gereza la kale liitwalo Eastern State, lililofunguliwa mwaka 1829. Wafungwa walifungiwa kila mmoja peke yake, bila kuonana na wenzao, kwa miaka. Mwandishi Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842, na aliyoyaona aliyalaumu vikali. Lilifungwa mwaka 1971, miti ikaota ndani. Tangu mwaka 1991, katika majira ya sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba, waigizaji wamevaa sura za kutisha humo na kuwatia watu hofu kwa malipo, na fedha hizo zimesaidia kutengeneza kuta zinazobomoka. Kila mgeni ajua kwamba wale ni waigizaji. Mchana lakini wageni huelezwa habari za wafungwa, na za magereza ya Marekani ya leo, bila kizuka hata mmoja. Tungekuwa na safari ya huko, tungechagua mchana. Na kwa kweli chumba kile chembamba chenye tundu moja la mwanga darini chatutisha sisi kuliko mtu yeyote aliyejipaka rangi usoni.

Basi, baba mpendwa, jibu letu ni hili. Kama mwanao anataka kunasa kizuka, aziweke dola zake, awanunulie watoto viatu. Hatakuta San Jose lo lote ambalo rafiki zake wataweza kulithibitisha asubuhi, hata kama vyombo vyao vitalia usiku kucha. Kama anataka kushtushwa kidogo pamoja na wenzake, kama watu waendavyo sinema, yeye ni mtu mzima na fedha ni zake. Ajue tu anachokinunua.

Lakini akitaka kuiona nyumba, na aende, tena mchana. Ni kazi ya mikono ya kustaajabisha, yenye vioo na mbao za thamani, na aliyeifikiri ni mwanamke ambaye hakusomea ujenzi shuleni. Akifika kwenye ngazi ya vidato 44, asipande upesi na kundi. Achukue kipimo mfukoni apime kidato kimoja. Kisha amwulize mtembezaji, kwa heshima na kwa sauti ya kusikiwa na wote, yule bibi alikuwa akiumwa nini. Atuandikie alivyojibiwa.