Onyo la Kompaila Lisipuuzwe

Kanuni za lugha ya C zilizosanifishwa mwaka 1989 zilimruhusu mwandishi wa programu kuita fanksheni, yaani sehemu ya programu yenye jukumu lake maalumu, bila kuitangaza kwanza. Kompaila, mfasiri wa programu kwa lugha ya mashine, ilichukulia kwamba jibu lake ni namba kamili. Kanuni za mwaka 1999 zilikomesha ruhusa hiyo, lakini kompaila nyingi ziliendelea kuonya tu. Mwaka 2024 kompaila ya GCC, toleo la 14, ikaanza kuzikataa programu hizo.

Wapo wanaoona ni usumbufu, wakailegeza kompaila kwa amri moja ili programu kuukuu ipite. Hilo ni kosa. Katika kompyuta nyingi za leo anwani ya kumbukumbu ina biti 64, ilhali namba kamili ya kawaida ina biti 32. Fanksheni isiyotangazwa ikirudisha anwani, nusu ya anwani yaweza kupotea, na programu ikaanguka mbali na penye kosa.

Kila fanksheni na itangazwe, kisha programu ijaribiwe upya. Mwanafunzi aanze desturi hiyo katika programu yake ya kwanza. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.